Kazi Aliyoikataa Yakub wa Saiba

Kitui mjini wanamjua kama Yakub wa Saiba, na wengi hawajui kwamba jina la baba yake ni Idris. Ukiwa na ritani ya kodi ya kujaza, au cheti cha kuzaliwa unachotaka kuomba, au mtoto amemaliza kidato cha nne na hajui aombe chuo gani, utaambiwa ushuke upande wa Kalundu uulize pale wanaposhona yunifomu. Mbele utamkuta mkewe, Bushra, na cherehani yake. Nyuma ya pazia ndiyo saiba yenyewe, chumba cha intaneti chenye kompyuta nne, printa, na Yakub mwenyewe, mtu wa miaka arobaini na mitano, miwani imeteremka puani, akikuuliza, "Leo tunasaidiana na nini?"

Mimi ni mwalimu. Karatasi zangu za mitihani zimechapwa kwenye chumba hicho tangu mwaka wa 2007. Haya ninayoyaeleza aliniambia yeye, kidogo kidogo, siku ambazo stima imepotea na sisi wawili hatuna la kufanya ila kuongea. Mengine nimeyapata kwa Bushra, na Bushra hana mazoea ya kuficha neno.

Babu yake Yakub alikuja Kitui kutoka Malindi akiuza vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Yakub alizaliwa Majengo na akajua Kikamba kabla ya kujua Kiswahili. Saiba aliifungua akiwa na rafiki yake, Mulinge, kijana wa Tawa aliyekuwa ameajiriwa kufundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, akaona mshahara unachelewa, akaacha. Walikuwa na kompyuta tatu na laini moja ya simu. Ijumaa Yakub alipoenda msikitini, Mulinge alibaki na wateja. Jumapili Mulinge alipoenda kanisani, Yakub alibaki. Siku nyingine tano walikuwa pamoja, viti viwili mbele ya skrini moja, wakibishana.

Siku hizo watu walikuja saiba kusoma barua pepe. Kulikuwa na mzee mmoja, Mwau, aliyetoka Kabati kila Jumatatu kuja kuuliza kama binti yake aliye Qatar ameandika. Mara nyingi hajaandika. Mzee anashukuru, anavaa kofia, anarudi Kabati. Siku moja baada ya mzee kuondoka, Mulinge alisema, "Huyu mtu amelipa nauli mara sita kuja kuambiwa hapana."

Kwa hiyo waliandika programu. Simu moja ya zamani iliunganishwa na kompyuta kwa waya, na kila barua ilipoingia kwa mtu aliyejiandikisha, simu ile ilimtumia ujumbe mfupi: barua yako imefika, njoo. Waliipa jina Mjumbe. Iliwachukua miezi minne kuiandika, na siku ya kwanza ilipofanya kazi Mulinge alikimbia nje barabarani kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mzee Mwau alikuja siku ya Jumatano, siku ambayo hakuwa amewahi kuja, akasimama mlangoni akiwa ameshika simu yake, akasema, "Imeniita."

Yakub anasema hakuna kitu amewahi kufanya maishani kilichompa raha kama lile neno. Familia yake anaiweka kando, hilo ni jambo la Mungu. Anazungumzia vitu vya mikono yake.

Waliota kuwa na kampuni. Waliandika hata barua ya kuisajili. Lakini mwaka wa 2010 Mulinge alipata nafasi ya kusoma Kanada, na kufikia wakati huo simu zenye intaneti zilikuwa zimeanza kufika hata Kabati. Watu walijisomea barua zao wenyewe. Mjumbe akanyamaza bila mtu kumzima.

Yakub alibaki. Aliona kila kitu kikipita katika chumba kile. Vijana wa Facebook walikuja na wakaondoka walipopata simu zao. Halafu serikali ikaweka huduma zake mtandaoni, na wazee wakarudi, wamebeba vitambulisho kwenye mifuko ya plastiki. Halafu ikaja AI, na mtoto wa shule akaweza kuandikiwa barua ya kuomba kazi na simu yake mwenyewe akiwa amelala kitandani. Kuchapa barua, kulikokuwa nusu ya kazi ya Yakub, kukaanza kupungua mwezi baada ya mwezi.

Hakulalamika. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango kwa wateja, alikaa na chai yake akasoma habari za kampuni za teknolojia. Alijua ni kampuni gani changa ya Nairobi imepata wawekezaji, ni gani imepunguza wafanyakazi, ni lugha gani ya programu vijana wanaipenda sasa na ni gani wameiacha. Alijifunza hizo lugha zote. Aliandika programu ndogo ndogo ambazo hakuna mtu aliyezitumia. Bushra aliniambia, "Mwalimu, huyu mtu ni kama mtu anayesoma ratiba ya ndege na hana tikiti."

Mulinge alirudi Kenya mwaka wa 2021. Hakurudi Kitui. Alianzisha kampuni Nairobi, akaiita Ikumbi, ambalo kwa Kikamba ni ghala la kuweka mavuno. Mkulima wa Kasikeu au wa Tawa mwenye ndengu au maembe anatuma ujumbe kwa simu yoyote, hata ile ya tochi, akisema ana nini na kiasi gani, na Ikumbi inamtafutia mnunuzi. Yakub alisoma habari hizo gazetini kama sisi wengine. Alimtumia Mulinge ujumbe wa pongezi. Mulinge alijibu kwa picha ya mikono miwili inayopiga makofi. Tangu hapo walitakiana heri ya Idi na heri ya Krismasi, na hayo tu.

Basi ilikuwa Januari ya 2024, siku ya Jumanne, mwanamke mmoja alipopiga simu. Alisema anaitwa Kasiva, na kwamba yeye ndiye anayesimamia kuajiri watu Ikumbi.

"Mulinge ametupatia jina lako," alisema. "Tunatafuta mhandisi wa programu ambaye anaelewa wakulima. Unaweza kuongea na sisi kwa video Alhamisi?"

Yakub alimwambia ndiyo. Kisha alikaa na simu mkononi mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akakohoa.

Alhamisi alifunga pazia, akavaa shati la Idi, akakaa mbele ya kompyuta. Upande wa pili alikuwapo Kasiva na kijana mwingine, Nzau, mkuu wa wahandisi, ambaye hakuwa amefika miaka thelathini. Mulinge hakuwapo. Yakub alitazama skrini muda wote akidhani sehemu ya tatu itafunguka na uso wa Mulinge utatokea, lakini haikufunguka.

Nzau alimpa mtihani. Alimtumia jumbe mia mbili za kweli za wakulima, majina yameondolewa, akamwambia aandike programu ya kujua kila mtu anauza nini. "Una dakika arobaini," alisema.

Yakub aliangalia zile jumbe, akatabasamu. Alizijua. Alizijua kama anavyojua watu wa foleni yake. Mmoja ameandika *maembe*, mwingine *embe*, mwingine *niko na matunda ya ngowe imeiva sana*. Mmoja ameandika ndengu kwa namna tatu katika ujumbe mmoja. Na karibu nusu yao walianza na salamu ndefu: Bwana asifiwe, habari za huko, sisi huku ni wazima, mvua ilikataa lakini tunashukuru. Bidhaa ilikuja mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni.

Akaanza kuandika. Kelele za cherehani zikapotea. Mtu alimwita nje ya pazia mara mbili na hakusikia. Alipoinua kichwa, dakika thelathini na tano zilikuwa zimeisha na programu ilikuwa imesoma jumbe zote mia mbili na kukosea sita.

Nzau alisogea karibu na skrini. "Yetu inakosea karibu thelathini," alisema. "Kwani umefanyaje?"

"Nimeiambia iruke salamu," Yakub akasema. "Na kama mtu amesema mvua, isidhani anauza mvua."

Kasiva alicheka. Nzau hakucheka, alikuwa anasoma. "Mbona hukutumia AI ikusaidie kuandika?"

"Sikujua naruhusiwa."

"Sisi wote tunatumia."

"Basi mtanifundisha," Yakub alisema, na Nzau akaangalia juu na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

Bushra anakumbuka alivyotoka nyuma ya pazia siku hiyo. Anasema hakuwa amemwona na sura ile tangu Fahima, binti yao, azaliwe. Alichukua kikombe cha chai cha Bushra, akakinywa chote, akarudi ndani.

Jumatatu iliyofuata barua ya kazi ilikuja. Ofisi ni Nairobi, siku tano kwa wiki. Mshahara haukuwa mkubwa sana, na sehemu ya malipo ilikuwa hisa za kampuni, ambazo zingekuwa na maana siku ile tu kampuni itakapokuwa na maana. Yakub alizijua hizo hesabu, alikuwa amezisoma kwa watu wengine miaka mingi. Kampuni changa kumi zinaanza, saba zinakufa, mbili zinatembea zikichechemea. Alijua pia kwamba mtu wa miaka arobaini na minne akiacha saiba yake, wateja hawamngoji. Barabara hiyo hiyo, chini kidogo, kulikuwa na kijana amefungua nyingine mwezi uliopita.

Waliongea na Bushra siku tatu. Hawakugombana. Bushra angeweza kubaki na kushona, na Fahima alikuwa amebakisha mwaka mmoja wa sekondari. Nairobi si mbali. Angekuwa akirudi Ijumaa jioni.

Siku ya tatu Bushra aliweka mkasi chini. "Baba Fahima, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Unataka hiyo kazi, ama unamtaka Mulinge?"

Yakub alikunja kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Maana kama ni kazi, nenda, mimi nitakuombea," Bushra akasema. "Kama ni Mulinge, kwanza ujue kama yuko."

Kulikuwa na jambo ambalo Yakub hakuwa amemwambia mtu. Tangu Kasiva apige simu, alikuwa amempigia Mulinge mara tatu. Mara zote ujumbe ulirudi: niko mkutanoni, nitakupigia. Hakuwa amepiga.

Alimwandikia Kasiva kwamba anashukuru sana, na kwamba atajibu baada ya kumwona Mulinge ana kwa ana. Siku mbili baadaye Mulinge mwenyewe alituma sauti, fupi, nyuma yake kukisikika honi za magari. "Yaku, pole sana kaka. Jumamosi naenda Tawa kumwona mama. Njoo tukutane huko. Mama atafurahi."

Yakub alisikiliza ile sauti mara nyingi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita Yaku.

Jumamosi shemeji yake, Hamisi, alikuwa na mzigo wa kupeleka upande wa Makueni, akamshusha Tawa kabla ya saa nne. Nyumbani kwa akina Mulinge ni mwendo mfupi kutoka sokoni. Palikuwa pamebadilika: nyumba ya mawe, tangi kubwa la maji. Mama yake Mulinge alitoka mlangoni akiwa amejifunga leso.

"Wakya, mwaitu," Yakub alimsalimia kwa Kikamba, akimwita mama.

"Aa, mwana wakwa." Alimshika mikono yote miwili, akamwangalia usoni, akaendelea kwa Kiswahili cha polepole, kama afanyavyo na wageni. "Miaka mingapi? Wewe umekuwa mzee, na mimi je?"

Mulinge hakuwa amefika. Mama alimpeleka Yakub nyuma ya jikoni. Kuku mmoja mwekundu alikuwa amefungwa mguu kwenye mti wa kuanikia nguo. "Huyu amekungoja tangu jana," alisema. "Nilisema asichinjwe na mtu mwingine, Yakub hatakula. Kisu hiki hapa, nimekinoa."

Zamani, Yakub alipokuja huku na Mulinge siku za sikukuu, mama huyu alifanya hivyo hivyo. Yakub aligeuza uso kidogo kabla ya kupokea kisu. Alielekea Kibla, akasoma bismillahi, akamchinja kuku. Wakamnyonyoa pamoja, maji ya moto katikati yao, mama akimpa habari: nani ameoa, nani amekufa, ndengu za msimu zilivyoliwa na wadudu.

"Na Mulinge anakuja mara nyingi?" Yakub aliuliza.

"Anatuma," mama alisema. "Kila mwezi anatuma, hajakosa." Alisuuza mikono. "Kuja, anakuja akipata nafasi."

Mulinge alifika saa saba na nusu. Alikuwa amenenepa na nywele zimekwisha mbele. Walikumbatiana kwa nguvu, wakacheka bila sababu, wakapigana mabegani kama vijana. Kwa muda wa chakula ilikuwa kama zamani. Mulinge alimwiga Mzee Mwau akivaa kofia, na mama akacheka mpaka akafuta macho. Simu zake mbili zilikuwa mezani zimelala kifudifudi. Zilitetemeka mara kwa mara, naye akazitazama kila mara, ingawa hakuzishika.

Baada ya kula walikaa nje, kivulini mwa tangi.

"Nzau amenitumia ile kitu uliandika," Mulinge alisema. "Nilimwambia huyu ndiye mtu. Utasaini lini?"

"Nataka kukuuliza kwanza. Pesa za kampuni zimebaki za miezi mingapi?"

Mulinge alimtazama. Hakutarajia swali hilo kutoka kwa Yakub. "Kumi. Labda kumi na moja. Kuna watu Ulaya wanataka kutununua, lakini hayo hatujaambia wafanyakazi."

"Wakinunua, ofisi itakuwapo?"

"Naomba iwepo."

Yakub aliitikia kwa kichwa polepole. Hilo aliliweza. Alikuwa amelipima tangu mwanzo na alikuwa tayari kulibeba. Swali alilokuja nalo lilikuwa jingine, na aliliuliza akiangalia chini.

"Na mimi na wewe, tutakuwa tunafanya kazi pamoja?"

Mulinge hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na Yakub akaona uso wake ukibadilika.

"Yaku, mimi sijaandika programu miaka minne. Sijui hata neno la kuifungua kompyuta ya kazi. Niko kwa ndege, niko kwa mikutano, naomba pesa. Ofisini niko siku mbili kwa mwezi, tatu nikibahatika." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Wewe utakuwa na Nzau. Ni mzuri sana yule."

"Ni mzuri," Yakub alikubali.

"Nilitaka uwepo pale," Mulinge alisema. "Nikiingia, nione hata mtu mmoja anayenijua. Wale watoto wananiita bosi."

Kuku wengine walikuwa wakichakura kando ya tangi. Mama alikuwa ndani, akisuuza sufuria na kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

"Unajua ninavyoanza nikiomba pesa?" Mulinge aliendelea, kama mtu anayetaka kumpa mwenzake zawadi. "Nawaambia hadithi ya Mjumbe. Mzee anatoka Kabati kila Jumatatu. Siku aliyosema 'imeniita'. Wazungu wanalia, nakuambia. Ile hadithi ndiyo imejenga Ikumbi."

Yakub alitabasamu. "Na mimi unanitaja?"

"Nasema tulikuwa wawili."

"Jina?"

Moja ya simu ikatetemeka na safari hii Mulinge hakuitazama. "Jina, hapana," alisema mwishowe. "Dakika huwa ni chache."

Yakub aliniambia kwamba hakukasirika. Nilimuuliza mara mbili, kwa sababu mimi ningekasirika. Alisema alichohisi ni kama mtu aliyefika nyumba aliyoiota miaka mingi, akakuta vitu vyote viko mahali pake, na hakuna mtu ndani. Mulinge aliomba msamaha. Aliomba kwa moyo, akiwa amemshika mkono, na Yakub akamsamehe. Kisha Mulinge akaitwa na simu, akasimama, akatembea mpaka kwenye ua akiongea Kiingereza, mkono mmoja kiunoni. Alirudi kusema lazima aondoke, angempeleka Yakub mpaka barabarani. Yakub akasema atamngoja Hamisi.

Mama alimfungia maembe kwenye gunia dogo. Aliposikia gari la Mulinge likiondoka alisema, bila kumtazama Yakub, "Hata leo hakumaliza chai."

Jumapili nzima Yakub hakutoka nyumbani. Jumatatu alimwandikia Kasiva. Alimshukuru, alisema kazi ni nzuri na watu ni wazuri, lakini hataweza kuja. Hakueleza sababu. Pamoja na barua hiyo alituma ile programu ya jumbe, ameitengeneza zaidi, makosa yamebaki mawili, akasema waitumie wakitaka. Nzau alimpigia simu kumshawishi, wakaongea karibu saa nzima, na nusu ya saa hiyo haikuwa juu ya kazi, ilikuwa juu ya wale wakulima wawili waliobaki na walichomaanisha.

Bushra alimuuliza kama ameamua hivyo kwa sababu ya swali lake. Yakub alisema hapana. Baadaye akasema, labda kidogo.

Maisha yaliendelea. Ramadhani ikafika, ikaisha. Fahima akafanya mtihani wake na akapata nafasi Eldoret, kusomea uuguzi. Yakub alifungua saiba saa mbili na kuifunga saa kumi na mbili. Alianza kuwafundisha wateja kutumia AI kuandika barua zao, na wengine wakamlipa kwa kuwafundisha, kwa hiyo kilichomwondolea kazi kikamrudishia kidogo. Asubuhi aliendelea kusoma habari zake na chai yake. Niliona tu kwamba hakuandika tena zile programu ndogo. Nilipomuuliza, alisema atarudi, bado anapumzika.

Aprili ya 2025 habari ikatoka kwamba Ikumbi imenunuliwa na kampuni ya Ulaya. Wiki tatu baadaye ofisi ya Nairobi ikafungwa. Wenye kampuni mpya walisema kazi zote zitafanyiwa kwao. Kasiva, Nzau, na wengine zaidi ya ishirini waliachishwa kazi siku moja, kwa barua pepe. Zile hisa hazikumfaa mtu. Mulinge akaenda na wanunuzi, kwa mkataba wa miaka miwili.

Mji mdogo hauna siri. Watu walikuja saiba kumpongeza Yakub. Hamisi alisema, "Mungu alikuonyesha." Imamu alisema vivyo hivyo, kwa maneno bora. Mimi pia nilisema, na nikaona nimekosea kabla sijamaliza sentensi.

"Miezi kumi na minne, Mwalimu," Yakub alisema. Alikuwa akipanga karatasi kwenye printa. "Wote wanahesabu kile nimeponea. Mimi nahesabu ile miezi. Ningekuwa nimeikaa pale ofisini."

"Hata ukijua itaisha hivyo?"

"Hata nikijua." Alifunga kifuniko cha printa. "Nilikuwa na haki ya kukataa na nilikataa vizuri. Lakini sijaacha kuitaka. Watu wanadhani ukikataa kitu, hamu nayo inaondoka siku hiyo hiyo."

Juni, Nzau alikuja. Kumbe kwao ni upande wa Mwingi, na alikuwa anapita Kitui akienda kuwaona wazazi wakati akitafuta kazi nyingine. Alisimama mbele ya cherehani ya Bushra akauliza kama hapa ndipo kwa Yakub. Nilikuwa ndani, nimeleta mtihani wa muhula. Yakub alimjua kwa sauti kabla hajamwona, akasimama haraka hata kiti kikaanguka.

Bushra alileta chai na mahamri. Nzau alizungumza juu ya soko la kazi, jinsi kampuni zinavyotaka sasa mhandisi mmoja na AI pale zilipotaka wahandisi watano, jinsi alivyotuma maombi thelathini na kujibiwa mawili. Yakub alimsikiliza kwa adabu, akamwambia atapata, na alimaanisha. Kisha akavuta kiti karibu.

"Ile programu ya salamu, mliitumia?"

"Mpaka siku ya mwisho," Nzau alisema. "Tulikuwa tunaiita Yakub. Mtu akikosea tunasema, Yakub hajaielewa hii, hebu mtengeneze."

Yakub alivua miwani akaanza kuipangusa kwa kona ya shati, na aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Niambie ofisi ilivyokuwa," alisema.

"Ilikuwa ofisi tu. Ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu."

"Mlikaa vipi?"

Nzau akacheka, akaona Yakub hachezi, akaacha kucheka. Akasogeza vikombe mezani, akaanza kuonyesha: hapa dirisha, hapa meza ndefu, hapa Kasiva, hapa ubao mweupe ambao waliuandika mpaka ukakataa kufutika. Nje mteja alibisha, na Bushra akamwambia angoje, mwenyewe ana mgeni.

"Na mkibishana," Yakub aliuliza, ameinamia vile vikombe, "mlikuwa mnabishana juu ya nini?"

Nzau alifikiri kidogo. Kisha akaanza na mabishano ya kwanza aliyoyakumbuka, na Yakub hakumkatiza hata mara moja.